Kabla ya Kuchagua Shamba, Chagua Kijiji

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa abiria wanaopanda mabasi ya mikoani jijini Dar es Salaam, wapo ambao hawaendi msibani wala kusalimia wazazi. Wanakwenda kuangalia shamba. Baadhi ni watumishi waliokaribia kustaafu, wengine ni vijana waliochoshwa na kodi ya nyumba na foleni za barabarani. Wanachokitafuta kinafanana: nyumba isiyodaiwa kodi kila mwezi, chakula kinachotoka shambani, na siku ambayo mtu huipanga mwenyewe.

Nia hiyo inaeleweka. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 5,383,728 walikuwa katika Mkoa wa Dar es Salaam pekee. Msongamano huo una gharama zake, na si ajabu mtu akatamani kupumua mahali pengine. Hata hivyo, uamuzi wa kuhamia kijijini hufanywa mara nyingi kwa kigezo kimoja tu, nacho ni bei ya ekari. Kwa mstaafu, hapo ndipo ilipo hatari. Malipo ya mkupo hutolewa mara moja katika maisha. Akiyatumia yote kununua shamba lisilo na maji, au lenye mgogoro, hakuna mkupo wa pili wa kusahihisha kosa la kwanza.

Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha, kwa kuzingatia hali na sheria za Tanzania Bara.

Mvua kwanza, bei baadaye

Nchi yetu haina kalenda moja ya mvua. Maeneo ya kaskazini, pwani ya kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria hupata misimu miwili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Mikoa ya kati, magharibi, kusini na nyanda za juu kusini magharibi hupata mvua za msimu mmoja, ambazo kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Tofauti hii hubadili maisha yote ya kaya. Penye misimu miwili, mkulima aliyekosa mavuno ya vuli anaweza kujaribu tena wakati wa masika. Penye msimu mmoja, aliyekosea kupanda husubiri mwaka mzima, hivyo ghala na akiba ya chakula si jambo la hiari.

Kila eneo lina zao linalolikubali. Mikoa ya Dodoma na Singida ina ardhi pana na mvua chache. Alizeti, mtama na uwele hustahimili hali hiyo, na Dodoma ina zabibu pia. Anayekwenda huko na ndoto ya kulima migomba anajitafutia majonzi. Njombe na Mufindi kuna baridi na mvua ya kutosha kwa viazi mviringo, chai, miti ya mbao na parachichi, lakini mche wa parachichi uliopandikizwa huhitaji takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Mhamiaji lazima ajue atakula nini katika miaka hiyo. Bonde la Kilombero linajulikana kwa mpunga, na mafuriko yake yanajulikana vilevile. Lindi na Mtwara ni nchi ya korosho na ufuta, ambako mazao hayo huuzwa kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima mgeni anapaswa kuujua mfumo huo kabla hajahesabu mapato.

Yapo pia maeneo yenye rutuba ambayo mgeni hupata ardhi kwa shida. Katika miteremko ya Kilimanjaro, katika milima ya Usambara na katika Wilaya ya Bukoba, watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Kihamba cha Wachagga na kibanja cha Wahaya ni zaidi ya shamba. Ni urithi wa ukoo, mahali walipozikwa wazee. Mtu mmoja wa familia akikubali kuuza, haimaanishi kwamba ukoo umekubali.

Tazama eneo mara mbili

Dalali hupenda kumpeleka mteja shambani wakati majani ni mabichi na kijito kinatiririka. Mnunuzi mwenye busara hurudi kiangazi, hasa Septemba au Oktoba, aone kama kijito bado kipo na wanawake wa kijiji wanachota maji wapi. Kisha huenda tena mvua zikiwa zimekolea, aone kama gari linapita au bodaboda peke yake ndiyo inayofika, na kwa nauli gani. Shamba linaloonekana rahisi wakati wa kiangazi huweza kuwa ghali kuliko kiwanja cha mjini, endapo kila gunia la mazao litabebwa begani hadi barabara kuu.

Huduma za maji vijijini husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, na miradi huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Muulize msimamizi wa chombo hicho maswali matatu: maji hutoka siku ngapi kwa juma, ndoo moja inalipiwa kiasi gani, na pampu ikiharibika hutengenezwa baada ya muda gani. Majibu yake yana thamani kuliko maelezo ya muuzaji.

Wengi huvutiwa na shamba lililo kando ya mto au ziwa. Hapo inafaa kukumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au fukwe za bahari. Ekari uliyolipia inaweza kuwa ndani ya eneo usiloruhusiwa kulima wala kujenga.

Kuhusu umeme, tofautisha kijiji kilichofikiwa na kitongoji kilichofikiwa. Nguzo zinaweza kuwa zimefika kwenye senta ya kijiji huku shamba lako likiwa kilomita tatu mbele. Pima pia umbali wa kwenda zahanati, kituo cha afya na shule ya sekondari kwa miguu yako mwenyewe, si kwa kauli ya "hapo tu". Mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari anapaswa kujua kama dawa zake hupatikana karibu kabla ya kuvutiwa na mandhari ya milima.

Ardhi ya kijiji haimalizwi na watu wawili

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Anayehamia kijijini hukutana zaidi na kundi la tatu, linaloongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo. Ardhi hiyo husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini asimamiavyo mali ya wengine. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Maana yake ni kwamba karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe na kushuhudiwa na majirani wawili haitoshi. Hata pale ambapo mwanakijiji anahamisha haki yake kwa mtu mwingine, idhini ya Halmashauri ya Kijiji inahitajika. Sheria inatazama pia nia ya anayepokea: awe raia anayeishi au kufanya kazi kijijini, au anayekusudia kwa dhati kufanya hivyo. Tena, ardhi ambayo haijakaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Anayenunua ili aweke tu, akisubiri bei ipande, yuko katika mazingira magumu kisheria na kijamii.

Mgeni aliyefuata utaratibu anapata ulinzi kamili. Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotolewa na kijiji, ina hadhi sawa na hati inayotolewa kwa ardhi ya jumla. Anayeidharau kwa kuwa haikutoka mjini anakosea. Lililo muhimu ni kuhakikisha kwamba kijiji chenyewe kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, kina masijala ya ardhi, na kina mpango wa matumizi ya ardhi.

Mpango huo, unaoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, ndio waraka wa kwanza wa kuomba kuuona. Unaonyesha eneo la makazi, la kilimo, la malisho, la msitu na mapito ya mifugo. Shamba lililo katika njia ya mifugo litaleta ugomvi kila kiangazi. Lililo katika shoroba za wanyamapori litatembelewa na tembo mahindi yakikomaa. Ukiambiwa kwamba mpango haupo, si lazima uache kijiji hicho, lakini ongeza tahadhari na uliza mpaka kwa vijiji jirani.

Uliza pia historia ya shamba. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu, na baadhi yao walipewa maeneo yaliyokuwa yakilimwa na wengine. Ili kuzima madai, Sheria ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Hata hivyo, kumbukumbu za watu hazifutwi na sheria. Wazee wa kitongoji ndio wanaojua nani alilima wapi na nani aliondoka kwa uchungu. Mgogoro ukizuka, hatua ya kwanza ni usuluhishi katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Ni nafuu kuwasikiliza wazee kabla ya kulipa kuliko kuwasikiliza mbele ya baraza.

Aidha, hakikisha mwenza wa muuzaji ameridhia. Mauzo mengi yaliyoingia katika mgogoro yalianzia kwa mume aliyeuza bila mkewe kujua.

Uhuru wenye majirani

Anayedhani kwamba kijijini hakuna wa kumuuliza kitu, atashangaa. Kijiji kina sheria ndogo, kina siku za kazi za pamoja, kina misiba ambayo kutokuonekana kwako kutakumbukwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kauli hiyo haimfukuzi mgeni. Inamwalika aache kuwa mgeni.

Na hapo ndipo penye uhuru wa kweli. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Aliyekuwa mpangaji asiye na kauli mjini anaweza kusimama mkutanoni, akahoji mapato na matumizi, akapiga kura kuhusu matumizi ya msitu au mahali pa kuchimba kisima. Kwa hiyo, kabla ya kuamua, omba ruhusa uhudhurie mkutano mmoja ukiwa msikilizaji. Tazama kama taarifa ya fedha inasomwa, kama wanawake na vijana wanazungumza, na kama Mwenyekiti anajibu maswali au anayakwepa. Saa mbili za mkutano huo zitakueleza tabia ya kijiji kuliko siku kumi za kutembea na dalali.

Mwisho, usihamie kwa mkupo mzima. Panga chumba kwenye senta ya kijiji na ukodi ekari moja au mbili kwa msimu mmoja. Lima, uza, hesabu ulichopata na ulichotumia, ugua mafua huko, zika na wenzako. Msimu ukipita na bado unataka kubaki, nenda kwa Mtendaji wa Kijiji ukaulize utaratibu wa kuomba ardhi. Wakati huo utakuwa unaomba kwa watu wanaokufahamu, nao watakuwa wanampokea jirani.