Viwavijeshi au Viwavijeshi Vamizi? Jina la Mdudu na Misimu Yake

Mwaka 2017 uliiletea Rwanda mambo mawili. Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na katika mashamba ya mahindi aligunduliwa mdudu mgeni, Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya bara la Amerika. Wanajeshi walisaidiana na wakulima kuwaokota viwavi hao kwa mkono. Kwa Kinyarwanda mdudu huyu aliitwa nkongwa idasanzwe. Je, kwa Kiswahili tumwiteje?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa swali hili si la msamiati tu. Linagusa pia kalenda ya mkulima.

Wanafunzi wanapotafsiri, mara nyingi huandika "viwavijeshi" na kuishia hapo. Lakini jina hilo lina mwenyewe tangu zamani. Viwavijeshi wa kawaida wa Afrika Mashariki huzuka mvua zinapoanza. Nondo wao husafiri na upepo, na viwavi huandamana kwa makundi makubwa wakila nyasi na nafaka. Baada ya wiki chache hutoweka. Mkulima anayelijua jina hilo husubiri wapite.

Mgeni huyu hapiti. Kwao, Amerika ya Kaskazini, baridi kali humuua kila mwaka, naye hurudi tena kutoka kusini kwenye joto. Kwetu hakuna baridi ya kiasi hicho, wala hana kipindi cha kulala. Kwenye joto, yai huwa nondo kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kwenye ubaridi wa milimani huchukua muda mrefu zaidi. Nondo jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja.

Hata hivyo, idadi yake hupanda na kushuka. Hupanda mahindi yanapokuwa machanga, katika Msimu A unaoanza Septemba na Msimu B unaoanza mwezi wa Machi. Mvua kubwa huwasomba na kuwazamisha viwavi wadogo, hivyo idadi hupungua. Wakati wa kiangazi, mahindi ya mabondeni na mimea mingine humhifadhi hadi msimu unaofuata. Ndiyo maana anayechelewa kupanda huumia zaidi: nondo waliozaliwa katika mashamba ya jirani huhamia kwake.

Tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kinyarwanda nayo inapotosha. Nkongwa ni mdudu anayetoboa mabua, ilhali huyu hula zaidi majani machanga katika moyo wa mmea. Hutambulika kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia.

Kwa hiyo tunapendekeza jina linalotumika Tanzania, yaani viwavijeshi vamizi, liandikwe kamili kila mara, na vitenzi vyake vifuate ngeli ya A-WA: viwavijeshi vamizi wanakula, si vinakula. Neno "vamizi" ndilo linalomwambia mkulima asisubiri wapite, bali akague shamba tangu mahindi yanapochipua, katika kila msimu.

Ni matumaini yetu kwamba walimu watalitumia somo hili darasani. Mtafsiri akiangusha neno moja, mkulima aweza kupoteza msimu mzima.