Kabla ya kununua kijumba cha kukunja, laleni kwanza uani

Video ni ya sekunde chache tu. Gari dogo linasimama kwenye uwazi wa msitu, nyuma yake limevuta kitu kama sanduku bapa lenye magurudumu mawili. Baba anafungua vifungio, anasukuma upande mmoja wa paa juu, upande wa pili unafuata, kisha kuta mbili za pembetatu zinasimamishwa mbele na nyuma. Kabla chai haijachemka kuna kijumba chenye kitanda, dirisha na meza. Mtoto anayetazama kwenye simu ya mama yake anageuka na kuuliza: "Na sisi tutaenda lini?"

Swali ni zuri, na kwa familia za Kibaha na Kisarawe jibu haliko mbali. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), iko hapo hapo Kisarawe. Ni kipande cha msitu wa asili wa pwani, chenye vilima, ndege na komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa ambaye duniani kote anapatikana katika misitu michache tu ya Tanzania. Mtoto anayelala nyumbani na televisheni ikiwa imewashwa hawezi kumsikia.

Kutaka kwenda si kosa. Kosa huja pale mzazi anaponunua kwanza na kufikiri baadaye. Kijumba, hema au turubai, kila kimoja kina familia kinayoifaa. Kinachoamua ni vitu vinne: gari mlilonalo, idadi yenu, mvua ya Pwani, na usiku mtakaolala nje kwa mwaka.

Kijumba cha pembe na hali yetu

Vijumba hivi vya paa la pembe vimezoeleka Marekani, ambako kampuni ya Aliner ilijipatia jina kwa kuvitengeneza. Sifa yake kubwa ni kwamba kuta ni ngumu, si kitambaa. Mvua inateremka kwenye paa, na asubuhi hakuna turubai la kukausha. Kikikunjwa kinakuwa kifupi, hivyo dereva anaona nyuma na upepo haukisukumi sana barabarani.

Ila picha huwa haionyeshi yote. Mtu mzima anasimama wima katikati tu, chini ya pale paa linapokutana. Ukisogea pembeni unainama. Vidogo vingi vinalaza watu wazima wawili na mtoto mmoja au wawili wadogo. Familia ya baba, mama, watoto watatu na dada wa kazi haienei.

Jambo la pili ni joto. Kisanduku kilichofungwa chini ya jua la Kibaha mwezi Januari hugeuka tanuri. Anayekitaka ahesabu kwanza madirisha yenye wavu, na kama kuna tundu la hewa juu ya paa.

La tatu ni vidole. Paa zito linaloinuka na kushuka kwa bawaba halifai kuchezewa. Watoto wasimame mbali wakati wa kufungua na kufunga, na kama kuna upepo mkali watu wazima wawili washike, kwa sababu upande wa paa ulio wazi unapokea upepo kama tanga la dau.

Anza na gari

Vijumba vingi vya aina hii vina uzito wa kati ya kilo 600 na 900 vikiwa vitupu. Ongeza maji, godoro, sufuria, chakula na mtungi wa gesi, na kilo 100 zaidi zinapatikana bila kujitahidi. Sasa tazama gari lililoko uani. IST yenye injini ya cc 1300, ikiwa imebeba watu watano, haikuundwa kuvuta mzigo huo kupanda vilima vya Kisarawe. Itakwenda siku ya kwanza. Zitakazolipa baadaye ni klachi au giaboksi, na breki kwenye mteremko.

Uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mara nyingi kuna namba mbili: moja ya trela lenye breki zake, nyingine ya trela lisilo na breki, na hiyo ya pili ni ndogo zaidi. Kama kitabu kinasema gari halivuti, basi halivuti, hata kama fundi anasema anaweza kuchomelea ndoano.

Upangaji wa mzigo nao una kanuni yake. Sehemu ya mbele ya trela inapaswa kukandamiza ndoano ya gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa trela. Ukirundika vitu vizito nyuma, mbele inakuwa nyepesi na trela linaanza kuyumba. Kwenye Barabara ya Morogoro, malori yakikupita pande zote, kuyumba huko si jambo la kujifunzia.

Kwa anayenunua lililotumika, akague raba za maungio ya paa, akanyage sakafu kila kona kuona kama imelainika kwa maji, na asome matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la trela lililosimama miaka mingi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka. Anayeagiza kutoka nje apate kwanza makadirio ya kodi na gharama za bandari kwa maandishi kutoka kwa wakala wa forodha, na aulize TRA kuhusu usajili, kabla hajatuma hata shilingi.

Hesabu ya usiku

Hapa ndipo wazazi wengi wangeokoa ada ya muhula mzima. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kijumba kimefika nyumbani kwa shilingi 12,000,000, na hema zuri la familia pamoja na magodoro limegharimu 600,000. Familia inalala nje usiku 6 kwa mwaka, kwa miaka 5. Huo ni usiku 30. Kila usiku ndani ya hema umegharimu shilingi 20,000. Kila usiku ndani ya kijumba umegharimu 400,000, bila mafuta, matairi wala mahali pa kukilaza siku nyingine zote za mwaka.

Kwa mwenye kazi ya kusafiri, au anayepanga kukikodisha kwa wengine, hesabu inaweza kubadilika. Kwa familia inayotaka watoto wajue msitu, hema linatosha, na kinachobaki kinarudi kwenye ada.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Wazazi waliopita skauti, au waliokaa Ruvu JKT, wanakumbuka mahema ya turubai nzito yenye umbo lile lile la pembe. Yalidumu, lakini yalibebwa na watu wawili. Mahema ya siku hizi ni mepesi na mengi yana umbo la kuba.

Kosa la kwanza ni kuamini namba ya boksi. "Hema la watu 4" maana yake ni miili minne iliyolala ubavu kwa ubavu, bila begi wala viatu, na bila mtoto anayejigeuza kama pia. Toa wawili. Familia ya watu wanne itafute hema la watu sita.

Pili, tafuta hema la tabaka mbili. La ndani liwe na wavu mpana, la nje liwe la kuzuia mvua, na kati yake pabaki nafasi. Hema la tabaka moja hukusanya mvuke wa pumzi za watu, na alfajiri matone yanaangukia watoto hata kama nje hakujanyesha.

Tatu, uliza kipimo cha maji. Huandikwa kwa milimita, na maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Milimita 1,500 huchukuliwa kuwa kiwango cha chini cha hema la kuzuia mvua. Kwa mvua za Pwani, 3,000 inampa mzazi usingizi. Sakafu iwe na kipimo kikubwa zaidi ya paa, kwa sababu inakandamizwa na uzito wa wanaolala juu yake.

Nne, vuta zipu mara kumi palepale dukani. Zipu inayokwama mchana kwenye taa itakwama usiku mtoto akitaka kukojoa.

Mvua, ardhi na wadudu

Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa familia inayoanza, Juni hadi Septemba ndio wakati wa kujifunza: mvua ni kidogo, usiku una ubaridi, na barabara za udongo kuzunguka Kisarawe zinapitika.

Hema lisimamishwe mahali palipoinuka, si bondeni wala kwenye njia ya maji. Turubai la chini lisizidi ukubwa wa hema. Likitokeza pembeni hukinga maji ya mvua na kuyaingiza chini ya magodoro. Kabla ya kutandika, zungukeni eneo lote mkitazama siafu na vichuguu, na juu mkitazama matawi makavu.

Pwani ina malaria, na mbu wanaoieneza huuma usiku. Wavu wa hema unafanya kazi ya chandarua ukiwa umefungwa tu. Sheria iwe moja kwa wote: anayeingia anafunga zipu nyuma yake. Viatu vilale ndani au vikung'utwe asubuhi, kwa sababu nge hupenda kiatu chenye giza. Kwa watoto wadogo, ndoo yenye mfuniko kwenye kibaraza cha hema inaondoa safari za usiku vichakani.

Jiko libaki nje

Kama kuna jambo moja la kukumbuka katika makala haya, ni hili. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema wala ndani ya kijumba, hata kama mvua inanyesha, hata kama mkaa umebaki majivu yenye wekundu kidogo, hata kama mtoto anatetemeka. Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haikeri koo kama moshi, na mtu aliyelala haimwamshi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kwenye chumba kidogo kilichofungwa haihitaji usiku mzima kuua.

Jiko la gesi dogo na taa ya chemli nazo zibaki nje. Baridi itibiwe kwa blanketi la ziada, soksi na kulala mkiwa mmesogeleana. Mtu akiamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu mahali palipowashwa moto, wote watoke nje kwenye hewa mara moja na apelekwe hospitali.

Usiku wa majaribio

Kabla ya kununua chochote kikubwa, azimeni au kodini hema na mlale uani kwenu usiku mmoja, iwe ni Maili Moja, Mlandizi au Kisarawe mjini. Lisimamisheni jioni, kisha lisimamisheni tena gizani kwa tochi, kwa sababu siku ya safari foleni inaweza kuwafikisha usiku. Mwageni ndoo mbili za maji juu ya paa na mpapase sakafu kwa mkono.

Usiku huo utasema mengi kuliko muuzaji yeyote. Utajua nani anaogopa giza, nani anahitaji choo saa nane, mgongo wa bibi unataka godoro la unene gani, na kama baba anaweza kukunja hema na likaingia tena kwenye mfuko wake. Ukiisha, mnajua mnachohitaji.

Baada ya hapo wasilianeni na ofisi ya TFS Kisarawe. Ulizeni mahali pa kuweka hema, kiingilio, maji, choo na mahali panaporuhusiwa kupikia. Malipo yafanyike kwa kontroli namba, si mkononi. Nendeni na moto mdogo au msiwe nao kabisa, na rudini na takataka zenu zote.

Mkirudi nyumbani, hema likaushwe juani kabla ya kufungwa, hata kama mmechoka. Kwa unyevu wa Pwani, hema lililofungwa likiwa bichi huota ukungu na harufu yake haitoki.

Kuhusu kile kijumba cha kwenye video, hakina haraka. Familia ikilala nje usiku sita mwaka huu na mwaka ujao watoto wakaomba tena, na gari likawa limebadilika, hesabu itafanywa upya. Ikiwa usiku wa pili tu wote wamesema imetosha, mtakuwa mmejifunza hilo kwa gharama ya hema la kuazima.