Sori, Hapa ni Kanada!

Nilimkanyaga mimi, akaomba radhi yeye. Ilikuwa Februari 2025, kwenye duka kubwa la vyakula pale Hamilton, mji ulio kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Toronto. Siku yangu ya pili tangu nishuke kwenye ndege. Mimi na koti la kuazima, buti nzito kama za askari, narudi kinyumenyume navuta toroli, paa! Kisigino juu ya vidole vya mama wa watu. Kabla sijafungua mdomo, yeye: "Oo, sori!" Nikamwambia sori. Akanijibu sori. Mzee mmoja aliyekuwa anataka kupita katikati yetu naye akatupa sori yake, akapita zake. Mdogo wangu, ambaye ndiye niliyekwenda kumtembelea, alikuwa ameegemea friji la maziwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Karibu Kanada, dada."

Mdogo wangu na mumewe wana miaka sita kule. Waliondoka Dar wakiwa bado wanandoa wapya, picha za harusi hazijatoka hata studio. Shemeji alikuwa mhasibu huku Bongo. Alipofika alibeba boksi, na ninaposema boksi sitanii, ni maboksi ya matunda, ghalani, zamu ya usiku, mpaka vyeti vyake vilipokubalika akarudi kwenye mahesabu. Sasa wana nyumba ya kupanga yenye ngazi, gari lenye matairi ya msimu wa baridi, na mtoto wa miaka minne anayebana pua kuliko mtangazaji wa redio. Nilikwenda kwa wiki tatu nikiwa na wazo la kuandika jinsi mapenzi yanavyohimili baridi. Mpenzi msomaji, baridi si mchezo, lakini nilichorudi nacho ni hilo neno sori.

Hebu tulitazame vizuri. Sisi Waswahili tuna maneno mawili. Ukikosea unasema samahani. Mwenzio akijikwaa unasema pole, hata kama wewe na lile jiwe hamjuani. Mzungu akija Bongo huwa anashangaa: mbona unanipa pole, kwani wewe ndiye uliyeniangusha? Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, na Wakanada wamelivuta hilo neno mpaka linafunika samahani, pole, hodi, naomba nipite, sijakusikia rudia tena, na hata "wewe ndiye umenikanyaga ila tusifanye makubwa." Yule mama wa dukani hakuwa anaomba msamaha. Alikuwa ananipa pole kwa kumkanyaga!

Na wenyewe wamelitungia sheria. Jimbo la British Columbia lilianza mwaka 2006, Ontario ikafuata 2009: ukimwomba mtu radhi, maneno hayo hayawezi kutumika dhidi yako kwenye kesi ya madai kama ushahidi kwamba umekiri kosa. Nilipomsimulia shemeji kwamba nimesoma habari hiyo, alipiga makofi. "Unaona shem? Nchi imestaarabika hii."

Baadaye tulipobaki wawili jikoni nikamuuliza mdogo wangu, huyu bwana na nyumbani anasema sori hivyo hivyo? Akaendelea kukata vitunguu. "Kazini anatoa sori hamsini kwa siku. Akifika hapa zimekwisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Mambo mengine ya kule yalinifanya nijisikie nyumbani kuliko nilivyotegemea. Unavua viatu mlangoni. Ukiingia nyumbani kwa Mkanada na buti zako za theluji utaangaliwa kama umeingia nazo msikitini. Maziwa, pale Ontario, yanauzwa kwenye mifuko ya plastiki, mifuko mitatu ndani ya mfuko mmoja, lita nne jumla; unatumbukiza mfuko kwenye jagi, unakata pembe, unamimina. Wamarekani wanaona kichekesho. Mimi niliona uswahilini kwetu. Na umbali hawautaji kwa kilomita, wanautaja kwa saa. Ukiuliza ndugu yake anakaa wapi, anakwambia, "Si mbali, saa nne na nusu." Anamaanisha kuendesha gari, tena kwenye barafu. Yaani ile "hapo tu mbele" ya kijijini kwetu, imevaa koti.

Halafu wanajicheka. Hapa ndipo nilipowapenda. Mwaka 1972 kipindi kimoja cha redio ya taifa, CBC, kilichoendeshwa na Peter Gzowski, kiliwataka wasikilizaji wamalizie usemi wa "Mkanada kama..." kwa mfano wa Wamarekani wanaosema kitu fulani ni cha Kimarekani kama pai ya tufaha. Aliyeshinda alikuwa binti wa miaka 17 kutoka Sarnia. Jibu lake: Mkanada kadiri inavyowezekana, kwa kuzingatia hali ilivyo. Nchi nzima ikakubali kwamba hiyo ndiyo sisi. Wewe fikiria taifa linalojieleza kwa sauti ya mtu anayejaza fomu ya mkopo!

Mara nyingi anayewachekesha ni jirani. Pierre Trudeau, akiwa waziri mkuu, aliwaambia waandishi wa habari mjini Washington mwaka 1969 kwamba kuishi pembeni ya Marekani ni kama kulala na tembo: hata awe mpole vipi, akijigeuza kidogo tu unashtuka. Mchekeshaji Rick Mercer yeye alivuka mpaka na kamera, akawa anawapa Wamarekani habari za uongo kuhusu Kanada awaone watasema nini. Gavana wa Arkansas wa wakati huo, Mike Huckabee, alikubali kuipongeza Kanada kwa kuhifadhi jengo la bunge lao lililojengwa kwa barafu. Kipindi maalumu cha vituko hivyo kilipoonyeshwa mwaka 2001, watu walikesha wakicheka. Ucheshi wa mdogo pembeni ya mkubwa, unamcheka taratibu ili asigeuke.

Lakini kuna mahali kicheko kinaishia, na sori inakuwa kitu kingine kabisa. Tarehe 11 Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama bungeni kuwaomba radhi wenyeji wa asili kwa zile shule za bweni ambako zaidi ya watoto 150,000 walipelekwa, wengi kwa kutenganishwa na wazazi wao, wakikatazwa lugha zao. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990 tu. Tangu 2021, tarehe 30 Septemba ni siku ya kitaifa ya kukumbuka, na watu huvaa fulana za rangi ya chungwa. Mpwa wangu anayo yake, ya chekechea. Mdogo wangu aliitoa kabatini kunionyesha, akaikunja, akairudisha. "Ile haikuwa pole," alisema. "Ile ilitakiwa iwe samahani."

Sasa, mimi niliwakuta kwenye msimu wa ajabu. Rais Trump alikuwa anasema hadharani kwamba Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani, na ushuru ulikuwa umetangazwa, ukaahirishwa, unasubiriwa. Watu wapole wale walikuwa wamenuna. Dukani rafu zilikuwa na vijikaratasi vya jani jekundu la mepo kuonyesha bidhaa za nyumbani. Nilimwona baba mmoja amesimama na chupa ya sosi ya nyanya, anaigeuza, anasoma maandishi madogo, anairudisha, anachukua nyingine, kwa umakini wa mtu anayenunua pete. Tarehe 15 bendera yao ilitimiza miaka 60, maana ile yenye jani ilianza kupepea mwaka 1965. Na tarehe 20 ikaja mechi.

Hoki ya kwenye barafu, Kanada na Marekani, fainali, Boston. Sebuleni tulikuwa watu tisa: sisi, jirani Mfilipino na mkewe, Wakenya wawili na watoto wao. Shemeji alikuwa amevaa jezi nyekundu. Huyu ni mtu wa Yanga, namfahamu. Hakuwahi kuona barafu isipokuwa ya kwenye koka mpaka alipofikisha miaka 29. Matokeo yakawa mbili kwa mbili, wakaingia muda wa nyongeza, Connor McDavid akafunga. Shemeji aliruka mpaka akagonga taa.

"Tumewapiga! Tumewapiga sisi!"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na sinia la sambusa. "Sisi nani?"

Alisema kwa Kiswahili, taratibu, wageni wengine wasielewe. Wakenya walielewa. Mmoja akaangalia simu yake.

Ndipo nikajua kuna fomu. Ilikuwa kwenye droo ya kabati la televisheni tangu Novemba. Shemeji alikwishatimiza siku zake 1,095 za kuishi nchini ndani ya miaka mitano kama sheria ya uraia inavyotaka, na alikuwa anasoma kijitabu cha mtihani: maswali 20, upate 15. Alishajua mikoa, vita, magavana. Mdogo wangu naye ametimiza siku, ila kalamu haishiki. Sababu mnaijua. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Wale Wakenya wana pasi mbili kila mmoja, Katiba yao ya 2010 iliwafungulia. Sisi ukiapa kule, huku umetoka.

Usiku ule baada ya wageni kuondoka niliwasikia. Nyumba za kule kuta zake mbao, husikii bure. Nitaandika yale tu ambayo mdogo wangu ameniruhusu.

Shemeji alisema amechoka kuwa mgeni. Kwamba alibeba maboksi ya watu akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho cha zamu, na sasa kuna mahali anakaa mezani, watu wanamuuliza ya wikiendi, na tembo amegeuka kitandani na yeye anataka kuwa upande fulani. Kwamba huku nyumbani wanasema kuna hadhi maalumu inakuja kwa walio nje. Mdogo wangu akamwambia hadhi si uraia. Akasema, "Mama akizidiwa usiku, mimi niingie Tanga kama mtalii?"

Kikapita kimya. Halafu, na hapa nilijifunika shuka mdomoni, akaongeza: "Na utaapa kwa nani? Kwa Mfalme Charles! Babu zetu walishaachana na mama yake tangu Desemba 1962, wewe unamrudia mtoto."

Ni kweli, kiapo ndivyo kilivyo, utii kwa Mfalme Charles wa Tatu, mfalme wa Kanada, na tangu 2021 kimeongezewa maneno ya kuheshimu haki za wenyeji wa asili. Shemeji alijaribu kukaza sauti ikamshinda, akacheka. Yeye pia akacheka. Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Akamwambia kwamba uamuzi ule aliufanya peke yake, mtihani anausoma kazini wakati wa chakula cha mchana, na yeye amejua kwa kuiona fomu alipokuwa anatafuta betri. Hapo hakukuwa na kicheko. Mlango wa chumbani ulifungwa, na ngazi zikalia mtu akishuka kulala sebuleni.

Niwe mkweli, mimi ni mhariri wa gazeti linalowashauri wanandoa kila mwezi, na sikuwa na ushauri. Shemeji ana haki ya kutaka kuwa wa mahali fulani. Ila kosa lake halikuwa Kanada. Kosa lake lilikuwa ile droo.

Asubuhi theluji ilikuwa imefunika gari hadi kwenye vioo. Nilipoamka shemeji alikuwa nje na chepe, ameshamaliza kwetu, anasafisha njia ya bibi wa jirani, ambaye alisimama dirishani na gauni la kulalia akimpungia mkono. Aliporudi alikuwa na kahawa tatu za Tim Hortons, lile duka lililoanzia hapo hapo Hamilton mwaka 1964, lake mcheza hoki. Yake ni ya maziwa mara mbili na sukari mara mbili, wenyewe wanaiita dabo-dabo. Mdogo wangu aliwahi kuniambia kwamba siku alipomsikia anaiagiza bila kufikiri ndipo alipojua mume wake anakwenda.

Alivua buti mlangoni. Akaweka kahawa mezani. Mdogo wangu alikuwa anamkatia mtoto pembe ya mfuko wa maziwa, hakugeuka.

"Sori," alisema shemeji.

"Ya pole au ya samahani?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, maji ya theluji yanamdondoka kwenye nywele.

"Ya samahani," alisema kwa Kiswahili. "Ningekwambia kwanza."

Mdogo wangu akachukua kahawa, akafungua kifuniko, akanusa. "Hii ya nani? Mimi sinywi sukari."

"Sori," alisema shemeji, akabadilisha vikombe.

Nilipoondoka Machi fomu ilikuwa imetoka kwenye droo. Iko juu ya friji, chini ya sumaku ya Kilimanjaro, haijajazwa. Wiki iliyopita nilimpigia nikamuuliza imefikia wapi. Akaniambia bado iko pale pale, ila sasa kijitabu cha mtihani wanakisoma wote wawili, usiku, mtoto akilala, na kwamba yeye anampita maksi.