Kipimo cha Mionzi na Kipokezi Chake

Wengi wetu hapa Musoma, Bunda na Butiama tumekwisha kupigwa picha ya eksirei. Mionzi yake haionekani wala hainusiki. Ili kujua kama inavuja mlangoni, mkaguzi hutumia kipimo. Vipimo vingine vina sehemu mbili: kipokezi kinachohisi mionzi, na kisanduku kinachoonyesha namba.

Sisi wauguzi twajua kuwa mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha huonekana imepanda kuliko ilivyo. Na kipokezi ni hivyo hivyo. Kila aina ina wepesi wake wa kuhisi na volti zake. Kikifungwa kwenye kisanduku kisicho chake, namba itatokea, lakini ya uongo. Ikiwa ndogo kuliko kweli, mama mjamzito aliyeketi karibu na mlango atapata mionzi bila habari, nasi wahudumu vilevile.

Basi wakuu wa vituo, msiazimane vipokezi. Kimoja kikibadilishwa, vyote viwili vipimwe upya pamoja. Usalama wa mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Nawe mama, ukiwa mjamzito, sema kabla ya kupigwa picha.