Kuuguza Nyumbani Kilosa na Mikumi: Saa Zile Zalipwa na Nani?

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, iwe kutoka Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, karatasi anayopewa hutaja dawa na tarehe ya kliniki. Ni nadra kutaja saa. Ilhali ni saa zitakazoamua hali yake: nani atamgeuza kitandani kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, nani atamwogesha, nani atamlisha taratibu asipaliwe.

Aghalabu jibu ni mke, binti au mkwe. Kwa kuwa halipwi ujira, familia huiita kazi hiyo ya bure. Si ya bure. Katika kaya inayoishi kwa mahindi na mpunga, siku za palizi zilizopotea kando ya kitanda huonekana ghalani baada ya mavuno. Binti aliyefunga genge lake kando ya barabara kuu ya Mikumi amepoteza mtaji, na pengine wateja pia.

Kwa hiyo hesabu ianze na saa. Si kila mgonjwa anayehitaji mtu kutwa kucha. Wengi huhitaji msaada mzito asubuhi, kuoga, kubadilishwa nguo na kunyooshwa viungo, kisha tena jioni. Jirani anayeaminika akilipwa kwa saa 3 za asubuhi, mke huenda shambani. Ndugu wanne au watano wanaotuma fedha kwa simu wanaweza kuubeba ujira huo, mradi wakubaliane mapema kiwango, tarehe na atakayepokea. Michango isiyo na tarehe hukauka haraka. Ajabu ni kwamba familia ile ile hukusanya za mazishi kwa siku moja.

Bima ya afya hulipia matibabu; ujira wa jirani si matibabu. Hata hivyo ina sehemu yake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliitoza kaya ya watu wasiozidi sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Dawa za shinikizo la damu zikilipiwa na bima, fedha iliyokuwa ikienda dirisha la dawa humlipa msaidizi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu. Ofisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwona.

Upo mfuko mmoja unaotambua waziwazi kazi ya kumhudumia asiyejiweza, nao husahaulika mno wodini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ina posho ya msaidizi kwa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi kiasi cha kutoweza kuyatimiza mahitaji ya kila siku bila mtu mwingine. Kwa Kilosa hili si jambo la mbali. Wapo wakata miwa upande wa Ruhembe na Kidodi, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, madereva wa malori na watumishi wa hoteli karibu na hifadhi. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Lakini madai yana ukomo wa miezi 12, na mwenye mgongo uliovunjika humaliza miezi hiyo kitandani bila kuambiwa. Swali moja la tabibu, "Uliumia ukiwa kazini?", likiandikwa kwenye jalada pamoja na tarehe, laweza kuwa msingi wa posho ya miaka mingi.

Aliyegongwa na gari barabarani hana mwajiri wa kumdai, ila gari lina bima ya lazima kwa wahusika wengine. Familia iitunze fomu ya polisi, PF3, na kila stakabadhi, ukiwamo ujira wa msaidizi ulioandikwa na kusainiwa.

Kwa kaya maskini kabisa upo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ambao walengwa wake huibuliwa katika mkutano wa kijiji. Mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, yafaa kwa biashara itakayozaa ujira; kuila kwa huduma ni kuongeza deni juu ya ugonjwa.

Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, na familia inayouguza yenyewe yaweza kupokea fedha taslimu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kidogo, lakini kinachofika kwa tarehe inayojulikana. Bara, pensheni ya aina hiyo haijawa haki ya kila mzee.

Wakati huo huo, wodi inaweza kufanya jambo lisilosubiri bajeti. Msaidizi aliyepatikana aitwe siku 2 kabla ya ruhusa, ajifunze kumgeuza mgonjwa, kumwinua bila kumvuta bega lililopooza na kusafisha mpira wa mkojo. Kisha muuguzi aongeze mstari kwenye karatasi ya ruhusa: saa ngapi kwa siku, kazi zipi, kwa wiki ngapi. Ndugu walio Dar es Salaam wakipiga simu kuuliza kiasi cha kutuma, mke atakuwa na kitu cha kuwasomea.