Punje Moja ya Madini

Mtu akilitazama vizuri bati jipya la kuezekea nyumba, mara nyingi huona juu yake viraka vinavyometameta, kila kimoja kwa namna yake. Viraka vile ni punje za zinki, madini ambayo chuma kimepakwa ili kisishike kutu. Watu wengi hudhani kuwa madini ni kitu kimoja kizima, kama nta, kumbe sivyo. Shaba, chuma, risasi, yote ni punje zilizoshikamana, ila kwa kawaida ni ndogo hata macho hayazioni.

Punje hizo hutokea wakati madini yaliyoyeyuka yanapopoa. Hayaanzi kuganda mahali pamoja, bali mahali pengi kwa mara moja. Kila mahali atomi, yaani chembe ndogo mno, hujipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride, na kitu kilichopangika hivyo huitwa fuwele. Kila fuwele hukua mpaka ikutane na jirani yake. Lakini safu zao hazilingani, kwani kila moja ilianza kuelekea upande wake. Basi pale zinapokutana hubaki mpaka.

Katika jembe au shoka mipaka hiyo haidhuru, tena punje ndogo huongeza ugumu. Katika moto mkali mambo hugeuka. Ndani ya injini ya jeti ya eropleni mna gurudumu lililozungukwa na bapa nyembamba za madini. Gesi inayozipiga huweza kupita digrii 1500 za joto, nayo ingaliziyeyusha kama hewa ya kuzipoza isingalipitishwa ndani yake. Gurudumu nalo huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, hata kila ubapa huvutwa nje kwa nguvu ya tani kadhaa. Hapo punje huanza kuteleza mipakani. Ubapa hurefuka kidogo kidogo, nyufa hutokea, na mwisho hukatika. Ubapa mmoja ukikatika angani, vipande vyake huweza kuiharibu injini nzima.

Dawa ni kufanya ubapa usio na mpaka hata mmoja, yaani fuwele moja tu.

Kukuza fuwele moja ya madini si jambo jipya. Husimuliwa kwamba mwaka 1916 Jan Czochralski, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitaka kuchovya kalamu yake katika wino, akaichovya kwa kosa katika chombo chenye madini ya bati yaliyoyeyuka. Alipoitoa ikafuatwa na uzi mwembamba, na uzi ule ukaonekana kuwa fuwele moja. Lakini yale yalikuwa madini matupu. Ubapa wa injini ni mchanganyiko wa nikeli, kromi, alumini na mengineyo, na mchanganyiko una udhia wake: sehemu inayotangulia kuganda hailingani na ile inayobaki majimaji. Moto usipotawaliwa vema, majimaji yaliyo mepesi hupanda na kuvunja matawi madogo ya fuwele, na kila kipande kilichovunjika huwa mbegu ya punje nyingine.

Kwa hiyo mafundi hufanya kazi kwa saburi. Mfano wa ubapa hufanywa kwa nta, hupakwa udongo wa kauri tabaka kwa tabaka, kisha nta huyeyushwa ikatoka, ikabaki kalibu tupu. Kalibu husimamishwa juu ya bamba la shaba linalopozwa kwa maji, katika tanuri lililotolewa hewa, na madini humiminwa ndani. Ndipo huteremshwa kutoka motoni polepole, sentimita chache tu katika robo saa. Kuganda huanza chini, na punje nyingi hupanda pamoja zikishindana. Juu yake kuna njia nyembamba, iliyopindapinda kama mkia wa nguruwe. Punje nyingine zote hukwama humo. Moja tu hupenya, ikaikuta kalibu i wazi mbele yake, nayo huijaza hata ncha.

Mwaka 1982 injini za namna hii za Marekani zilikubaliwa kutumika katika eropleni za abiria. Hata sasa kila ubapa huoshwa kwa asidi ili punje zionekane, na safu zake hupimwa kwa eksirei. Ikionekana punje ya pili iliyopita kipimo, ubapa hukataliwa, ingawa umbo lake halina kasoro yoyote.