Programu ya Kesi na Ubao wa Kazi: Kuviunganisha ni Shilingi Ngapi?

Ofisi nyingi ndogo za mawakili, Dar es Salaam hata Nairobi, zina programu mbili zisizojuana. Moja inatunza majalada, ankara na tarehe za mahakama. Nyingine ni ubao wa kazi, wenye kadi zinazoonyesha nani anafanya nini na mwisho wake lini. Katikati yupo karani anayenakili kutoka huku kwenda kule, na siku akiumwa, tarehe haivuki. Sasa wauzaji wamekuja na kiunganishi: programu ya tatu inayohamisha taarifa yenyewe, kwa dola chache tu kwa mwezi. Tuzihesabu hizo dola chache.

Kabla ya bei, jua unanunua nini. Tanzania, mdaiwa ana siku 21 tangu apewe wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Taarifa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30. Kenya ni siku 14. Nenda ukamweleze jaji kwamba kadi haikuhama! Kwa hiyo kiunganishi kina kazi mbili: kupeleka tarehe kwenye ubao, na shauri likiahirishwa, kuibadilisha tarehe ileile kwenye kadi ileile. Vingi vinafanya ya kwanza vizuri. Ya pili ndiyo inayovishinda, na muuzaji hataitaja usipomuuliza.

Anza na vya bure, maana huenda usihitaji zaidi. Programu nyingi za kesi zinaweza kuoanisha kalenda zao na kalenda ya simu au barua pepe bila malipo ya ziada, na shauri likisogezwa, kalenda nayo inasogea. Mbao nyingi za kazi nazo hutoa anwani ya barua pepe: ukiitumia ujumbe, kadi inazaliwa. Ukiiambia programu ya kesi itume tahadhari zake kwenye anwani hiyo, umepata kiunganishi cha bei ya sifuri. Kasoro yake ni kwamba kila barua inazaa kadi mpya. Shauri likiahirishwa mara tatu, una kadi tatu, na mbili ni za uongo. Ofisi ya mawakili wawili inaweza kuvumilia hilo kwa kufuta kadi kila Ijumaa. Ya mawakili sita haiwezi.

Kitu kingine kilichokwisha kulipiwa: orodha za kazi ndani ya programu ya kesi yenyewe. Unaandaa orodha moja ya madai ya ardhi, nyingine ya mirathi, na ukifungua jalada kazi zote zinajipanga pamoja na tarehe zake. Kama ubao wenu wa kazi unatumika kwa kesi tu, uacheni. Dola 10 kwa mtu kwa mwezi, kwa watu watano, ni dola 600 kwa mwaka. Ubao una haki ya kubaki pale ambapo wafanyakazi wasio wa kesi, wahasibu na wapokeaji wageni, nao wanautumia.

Ukiona bado unahitaji kiunganishi cha kulipia, vya mtandaoni vinaanzia takriban dola 10 hadi 30 kwa mwezi. Ofisi hailipi kwa mtu, inalipa kwa idadi ya vitendo, na hapo ndipo pesa hupotelea. Viunganishi havihesabu vitendo kwa namna moja. Kipo kinachotoa vitendo 100 bure kwa mwezi na kuhesabu kila kadi inayoundwa. Jalada moja jipya linalozaa kadi sita limekula vitendo sita; majalada 20 kwa mwezi ni vitendo 120, na bure imekwisha kabla hujagusa ahirisho hata moja.

Kipo kingine kinachotoa 1,000 bure, na kwenye tangazo kinaonekana mkombozi. Lakini hiki kinahesabu hata hodi. Ukikiweka kipige hodi kwenye programu ya kesi kila dakika 15 kuuliza kama kuna jipya, ni hodi 96 kwa siku, 2,880 kwa mwezi wa siku 30. Ile 1,000 inaisha siku ya 11, hata kama ofisi nzima iko likizo. Dawa yake haina gharama: kipangie saa za kazi tu, mara moja kwa saa, siku za wiki. Ni hodi 200 hivi kwa mwezi. Au tafuta programu ya kesi inayojulisha yenyewe kunapotokea jambo, ili kiunganishi kisihitaji kuuliza.

Sasa gharama iliyojificha kuliko zote, na haiko kwenye kiunganishi kabisa. Baadhi ya programu za kesi haziruhusu kuunganisha kitu chochote kwenye kifurushi cha chini. Lazima upande. Tuseme kifurushi cha chini ni dola 49 kwa mtu na kinachoruhusu muunganiko ni dola 89. Tofauti ya dola 40 mara watu watano ni dola 200 kwa mwezi, yaani, kwa kukadiria shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola, shilingi laki tano. Kiunganishi chako cha dola 20 sasa kimegharimu dola 220. Kwa fedha hiyo, afadhali karani aongezwe mshahara na aendelee kunakili mwenyewe. Uliza swali hili kwa maandishi kabla ya kulipa: kifurushi nilichonacho kinaruhusu kuunganishwa na programu nyingine, ndiyo au hapana?

Ongeza na haya madogo madogo. Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Wa mwezi kwa mwezi analipa zaidi. Bei ni ya dola, na benki ina makato yake kwa malipo ya kadi ya fedha za kigeni. Angalia kama VAT imo: kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya. Na ukitaka tahadhari zije WhatsApp badala ya barua pepe, njia rasmi ya biashara ina tozo yake nje ya kiunganishi.

Wale mnaolipia tayari kifurushi cha ofisi chenye barua pepe, majedwali na hifadhi ya mafaili, tazameni ndani yake. Kimoja kinachotumika sana kina kiunganishi kilichojumuishwa, na kwa kazi za kawaida hakidai kitu. Kikidai, ni pale unapotaka kukiunganisha na programu kisiyoijua, ambapo bei ni kama dola 15 kwa mtumiaji. Mtumiaji mmoja anatosha, usiwanunulie wote.

Kuna pia njia ya kujitegemea: kiunganishi kisicho na ada ya vitendo, unakiweka kwenye seva ya kukodi ya dola 5 hadi 10 kwa mwezi. Kwenye karatasi hakuna kinachoishinda. Lakini nani atakisasisha, nani atahifadhi nakala, nani ataamka seva ikizima usiku wa kuamkia shauri? Kama jibu ni kijana anayekuja mara moja kwa mwezi, hii ni rahisi inayogeuka ghali. Ofisi yenye mtu wake wa kompyuta kila siku, ichukue hii bila kusita.

Msidanganyike pia kwamba kiunganishi kitachota tarehe mahakamani. Kinaunganisha programu za biashara zilizo kwenye orodha yake. Tarehe uliyoiona kwenye mfumo wa mahakama bado itaingizwa na mtu kwenye programu ya kesi, na akikosea, kosa litasambaa haraka zaidi.

Halafu kuna siri ya mteja. Kila kinachopita kwenye kiunganishi kinapita kwenye seva ya mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi, na sheria za taarifa binafsi zipo: Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Peleka kwenye ubao namba ya jalada, kazi na tarehe tu. Jina la mteja na hoja za kesi vibaki kwenye programu ya kesi.

Kwa hiyo: mawakili mmoja hadi watatu, kalenda ya bure na orodha za ndani, msitoe hata senti. Wanne hadi kumi, kiunganishi cha mtandaoni cha kifurushi cha chini, mradi programu ya kesi haiwalazimishi kupanda. Chukueni mwezi kwa mwezi kwanza, hata kama ni ghali kidogo.

Vingi vina siku za majaribio. Fungua jalada la mfano, lipe tarehe, subiri kadi itokee, kisha liahirishe wiki mbili na ubadilishe wakili. Kadi ikibaki na tarehe ya zamani, au zikiwa mbili, usitoe namba ya kadi yako ya benki.